Barua Na. 14 haikufika: posta ya wanafunzi wa ng'ambo

Samahani kwa kimya cha wiki kadhaa. Nilikuwa nimezama katika mradi wa kazini ambao haukuniachia hata saa moja ya kuandika. Waliouliza kama blogu hii imekufa nawajibu kwamba haijafa, ni mwenyewe tu alikuwa amebanwa. Lakini kimya hicho ndicho kilichonipa mada ya leo. Msomaji mmoja aliniandikia: "Ukinyamaza hivi hatujui kama umechoka, umeugua au umehama." Nilicheka, halafu nikakumbuka bati la biskuti la Baba Mkubwa.

Kwa kawaida hapa huandika juu ya programu, seva na hitilafu zinazoninyima usingizi. Leo nataka kuandika historia kidogo, historia ya barua za wanafunzi waliokwenda kusoma ng'ambo. Lakini usiondoke. Tutafika kwenye TCP kabla ya mwisho, nakuahidi.

Baba Mkubwa, kaka yake baba, alikwenda Marekani mwaka 1961 na kurudi 1966. Alipofariki, familia ilinikabidhi karatasi zake kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kompyuta", na kwa ndugu zangu mtu wa kompyuta ndiye anayejua kupanga karatasi. Ndani ya bati mlikuwa na barua alizoandikiwa na babu yangu kutoka Voi. Nyingi ni zile karatasi nyembamba za buluu zinazokunjwa zikawa bahasha zenyewe. Juu kabisa, kwenye kona ya kulia, kila moja ina nambari: Barua Na. 1, Na. 2, Na. 3, mpaka Na. 41.

Babu alikuwa karani wa reli katika steshini ya Voi. Maisha yake yote alipokea na kutuma mizigo yenye hati zenye nambari, na mzigo usio na nambari kwake haukuwa mzigo, ulikuwa matatizo. Kwa hiyo mwanawe alipopanda ndege alimpa sharti moja: kila barua itakuwa na nambari, na kila barua itaanza kwa kutaja nambari ya mwisho iliyopokelewa. Baba mzazi wangu, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka tisa na ndiye aliyetumwa posta, anasema watu walimcheka mzee. Nani anampigia mwanawe hesabu kama magunia ya mkonge?

Kabla ya kuwaambia kilichotokea, nieleze kwanza barua ilifikaje Voi kutoka Ohio. Njia hiyo yenyewe ni ajabu ambayo tumeizoea mno.

Stempu moja, nchi mbili

Fikiria jambo hili. Mwanafunzi yuko Ohio. Ananunua stempu ya Marekani, pesa zote zinabaki Marekani. Barua inasafirishwa, inafika Kenya, inapangwa na karani wa Kenya, inapakiwa kwenye treni ya Kenya, inawekwa ndani ya sanduku la posta Voi. Nani aliyemlipa karani wa Kenya?

Jibu liko katika mkataba uliotiwa saini Bern, Uswisi, tarehe 9 Oktoba 1874, uliozaa umoja ambao leo unaitwa Umoja wa Posta Duniani. Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na mapatano yake na kila jirani, na nauli ya barua ilitegemea imepita kwa nani. Waliokutana Bern walikubaliana kwamba nchi zote wanachama zihesabiwe kuwa eneo moja la posta, na kila nchi ibaki na pesa za stempu ilizouza yenyewe. Hoja yao ilikuwa rahisi: mtu akiandika barua, mara nyingi atajibiwa, kwa hiyo mwisho wa mwaka hesabu zitakaribia kulingana. Mpango huo ulidumu karibu miaka mia moja, mpaka mkutano wa Tokyo wa 1969 ulipoanzisha malipo kati ya nchi inayotuma zaidi na inayopokea zaidi.

Soma tena hoja hiyo: barua itajibiwa. Mfumo mzima wa posta ya dunia ulijengwa juu ya imani hiyo.

Mwaka 1906, huko Roma, umoja huo ulibuni kitu kingine ambacho wanafunzi wa Afrika walikitumia sana: kuponi ya kimataifa ya majibu. Wewe uliye Voi huwezi kununua stempu ya Marekani ya kumlipia mtu wa chuo akujibu. Basi unanunua kuponi posta, unaitia kwenye barua yako ya maombi, na yeye anaibadilisha kwa stempu za kwao. Baba Mkubwa alituma maombi ya vyuo kwa njia hiyo, na alizoea kusema kwamba kabla hajafika Marekani alikuwa ameshailipia nauli ya majibu yake.

Kutoka meli hadi karatasi ya buluu

Waliotangulia kwenda kusoma walitegemea meli. Jomo Kenyatta aliposafiri kwenda Uingereza mwaka 1929, barua kati ya Mombasa na London ilipita Mfereji wa Suez na kuchukua wiki kadhaa. Uliza swali leo, upate jibu baada ya miezi miwili ukiwa na bahati. Ilipofika miaka ya 1930, Kenyatta akiwa mwanafunzi wa Malinowski katika chuo cha LSE, mambo yalikuwa yanabadilika. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za kila wiki kutoka London hadi Mwanza, kwenye Ziwa Viktoria, na mwaka uliofuata njia hiyo ikasogezwa hadi Cape Town. Ndege hizo zilibeba barua kuliko watu. Mwaka 1937 Uingereza ikaanzisha mpango wa kusafirisha barua zote za kawaida za himaya yake kwa ndege bila nyongeza ya bei, na Afrika ndiyo iliyotangulia.

Tatizo la ndege ni uzito. Kila gramu ya karatasi ni gramu ya mafuta. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Uingereza lilikuwa na askari wengi Misri na hapakuwa na ndege za kutosha kubeba barua zao. Mwaka 1941 yalipatikana majibu mawili. La kwanza lilikuwa kupiga barua picha, kusafirisha filamu ndogo tu, kisha kuzichapisha upya kwenye karatasi zifikapo. Wamarekani waliiga mwaka 1942, na kwa hesabu yao wenyewe barua 150,000, ambazo zingejaza mifuko 37 ya posta, ziliingia katika mfuko mmoja. Sisi watu wa kompyuta tungesema walibana data. La pili lilikuwa rahisi zaidi: karatasi moja nyembamba, isiyo na bahasha, inayokunjwa na kubandikwa gundi. Vita vilipokwisha filamu ikaachwa. Karatasi ikabaki, ikapewa jina la aerogramu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa rafiki ya mwanafunzi. Baba Mkubwa alipofika Marekani, aerogramu ya kwenda popote duniani ilikuwa senti 11 za dola, na barua ya kawaida ya ndege kuja Afrika ilikuwa senti 25 kwa kila nusu aunsi. Kwa mtu anayeosha sahani katika bweni ili apate pesa za sabuni, tofauti hiyo si ndogo. Masharti yalikuwa mawili. Nafasi ni ile ile, ukijaza umejaza, ndiyo maana barua nyingi katika bati hili zina mistari inayozunguka pembezoni kama siafu. Na hairuhusiwi kutia kitu ndani. Ukitia hata picha ndogo, haihesabiki tena kuwa aerogramu.

Baba Mkubwa alikuwa mmoja wa mamia. Mnamo Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi, iliyoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani, iliondoka Nairobi ikiwa na vijana 81. Mwaka 1960 Wangari Maathai alikwenda kwa mpango huo hadi Atchison, Kansas, na hakurudi nyumbani mpaka 1966. Kufikia 1963 waliokwenda walikuwa karibu 800. Leo mwanafunzi akienda Canada, kesho yake amewaonyesha wazazi chumba chake kwa video. Wale walikaa miaka mitano bila kusikia sauti ya mama. Barua ndiyo iliyokuwa kila kitu.

Na barua ikifika Kenya ilikuwa bado haijafika. Kwetu posta haileti barua mlangoni, wewe ndiye unayeifuata kwenye sanduku. Wachache walikuwa na sanduku lao wenyewe. Wengine walitumia S.L.P. ya shule, ya kanisa, ya duka la Mhindi au ya kazini. Mwalimu mkuu alisoma majina gwaride la asubuhi, mtoto akapeleka barua kwa jirani, jirani akampelekea mwenyewe siku ya soko. Katika kila mkono huo barua ingeweza kulala siku tatu, au ikalala milele.

Kilichompata Na. 14

Barua Na. 13 ya Babu ni ya Novemba 1963. Imejaa Uhuru unaokuja, bei ya bati la kuezekea, na nani ameoa nani. Inayofuata katika bati ni telegramu.

Telegramu ililipiwa kwa kila neno, na hapo Kiswahili kilikuwa na faida yake, maana neno letu moja hubeba sentensi nzima. Babu alituma maneno saba tarehe 4 Februari 1964: MAMA AMEFARIKI JANA TUMEZIKA BARUA INAFUATA BABA.

Baba Mkubwa aliipokea kesho yake. Hakuwa amejua kwamba mama yake anaumwa.

Siku tisa baada ya mauti, tarehe 12 Februari, ilifika Barua Na. 15, iliyoandikwa tarehe 27 Januari. Ninayo hapa mezani. Babu anaandika kwamba, kama alivyoeleza katika Na. 14, mama alilazwa, lakini sasa amepata nafuu na anakula uji. Anaomba picha ya mwanawe akiwa amesimama kwenye theluji, kwa sababu majirani hawaamini. Kisha Babu anaandika: "Jibu la Na. 14 sijalipata. Najua imepotea njiani, maana wewe hujapata kuruka nambari hata moja."

Nilipoisoma mara ya kwanza niliiweka chini nikatoka nje. Sisi waandishi wa programu tuna maneno ya jambo hili: pakiti zilizopotea, pakiti zilizofika bila mpangilio. Lakini mtu wa miaka ishirini na mbili amekaa kitandani Ohio, mama yake ameshazikwa, na mkononi ana karatasi inayosema mama anakula uji na anataka picha. Hilo halina jina katika vitabu vyetu.

Jibu lake nalo ninalo, kwa sababu Babu alizihifadhi zake Voi. Linaanza hivi: "Baba, nimepokea simu ya tarehe 4. Nimepokea Na. 15. Na. 14 sijaipata. Naomba nakala."

Na nakala ilikuwepo! Hapa ndipo ukarani wa mzee ulipookoa kitu. Babu hakuandika barua yoyote bila karatasi ya kaboni chini yake. Nakala aliiweka kwenye faili mpaka jibu la nambari hiyo lifike, ndipo aitupe. Nakala ya Na. 14 ilikuwa haijatupwa kwa sababu haikuwa imejibiwa. Aliifunga pamoja na Na. 17, na hiyo ndiyo iliyomo ndani ya bati, hati yake ya zambarau iliyofifia, ya tarehe 9 Desemba 1963. Ilipotelea wapi ile ya asili, hakuna ajuaye. Ilikuwa wiki ya Uhuru, na Krismasi inakaribia, mifuko ya posta imefurika kila mahali. Inasema kwamba mama ameanza kuumwa na kifua, na kwamba anaomba mwanawe aandike mapema.

Katika Na. 17 Babu ameongeza mistari michache. Nyanya aliuliza mara mbili kama barua ya mwanawe imekuja. Babu alimwonyesha faili, akamhesabia majibu kumi na matatu, moja baada ya moja, akamwambia kwamba mtoto aliyejibu zote hizo hawezi kuacha kujibu hii, ni posta tu imeipoteza. "Akanyamaza, akakubali," ameandika Babu. Hayo tu.

Ndiyo maana siwacheki tena makarani.

Babu na TCP

Sasa twende kwenye kazi yetu. Mnamo Mei 1974 Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha makala iliyoeleza jinsi mitandao tofauti inavyoweza kuunganishwa. Wazo lao lilikuja kuwa TCP, na andiko rasmi lililotumika kwa miongo minne ni RFC 793 la Septemba 1981, mhariri wake Jon Postel. (Ndiyo, Postel. Jina tu, hana uhusiano na posta.)

TCP inafanya nini? Mtandao ulio chini yake hauahidi chochote. Unapokea pakiti na kujaribu kuifikisha. Inaweza kupotea, kufika mara mbili, au ya pili kuitangulia ya kwanza. Basi TCP inaweka nambari kwenye kila kinachotumwa. Mpokeaji anarudisha jibu: nimepokea mpaka nambari fulani. Mtumaji anahifadhi nakala mpaka jibu hilo lije, na lisipokuja kwa muda uliotarajiwa anatuma tena.

Nambari, jibu, nakala, kutuma tena. Mzee wa Voi alikuwa navyo vyote vinne mwaka 1961, kwa kalamu na karatasi ya kaboni.

Sisemi kwamba Babu alivumbua intaneti, msinielewe vibaya. Waliofanya hivyo ni wengi, wafanyabiashara na mabaharia waliandika nambari kwenye barua zao zamani sana. Na posta yenyewe iliuza huduma ya rejista pamoja na kadi ya kuthibitisha kupokelewa, ila bei yake haikuwa ya kila wiki. Ninachosema ni kwamba aerogramu ya kawaida ilikuwa kama UDP, ile itifaki nyingine aliyoiandika Postel mwaka 1980: tuma, kisha omba Mungu. Uaminifu haukuwa ndani ya posta. Uliongezwa na watu wenyewe, kwenye ncha mbili za njia.

Hata wasioandika nambari walikuwa na itifaki yao. Unakumbuka barua tulizofundishwa shuleni? Salamu nyingi, kisha hali yangu ni njema, sijui wewe, kisha barua yako ya tarehe fulani nimeipata na yaliyomo nimeyaelewa. Tulidhani ni mapambo. Barua za zamani za pwani, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, nazo hazikosi kutaja kwamba waraka wa mwenzio umewasili na umefahamika. Hayo si mapambo. Ni jibu la kupokea, na bila hilo mtu hajui kimya kinamaanisha nini.

Baba Mkubwa alikaa chumba kimoja na Mkenya mwenzake ambaye hakuwa na mpango kama huu. Barua za baba yake zilikatika mwaka wa pili. Kijana akaamini amesusiwa kwa sababu alibadilisha masomo bila ruhusa, naye akaacha kuandika. Aliporudi nyumbani baada ya miaka minne alimkuta baba yake akiamini vivyo hivyo, kwamba ni mwana aliyewasusa. Barua mbili tatu zilipotea njiani, na kila upande ukajaza pengo kwa hofu yake.

Zamu yangu

Mimi nilisoma Pune, India, kuanzia 1997. Wakati huo barua pepe ilikuwa imeshafika Kenya, na njia iliyopita ni hadithi tamu kwa wapenzi wa teknolojia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la mazingira la ELCI Nairobi lilikuwa na kompyuta ya FidoNet, mfumo aliouanzisha Tom Jennings mwaka 1984. Haikuwa kwenye intaneti muda wote. Ilikusanya ujumbe, na mashine ya GreenNet iliyokuwa London ikapiga simu kwa modemu, ikachukua na kuacha, ikakata. Ni mfuko wa posta kabisa, ila gari lake ni simu. Kikoa cha .ke kiliandikishwa 1993. Mwaka uliofuata Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, Wakenya waliokwenda kusoma Massachusetts, wakaanzisha Africa Online. Sishangai kwamba ni wanafunzi wa ng'ambo waliofanya hivyo. Nani mwingine alikuwa na kiu kama yao?

Mwanafunzi mwingine wa ng'ambo, Sabeer Bhatia aliyetoka India kwenda Marekani, ndiye aliyeanzisha Hotmail pamoja na Jack Smith tarehe 4 Julai 1996. Megabaiti mbili za nafasi, bure. Kwetu wanafunzi barua pepe za bure zilikuwa ukombozi, kwa sababu kwa mara ya kwanza anwani ilikuwa ya mtu mwenyewe, si ya bweni wala ya shule.

Lakini Voi nyumbani hakukuwa na kompyuta. Kwa hiyo nilimwandikia dada yangu Mombasa, yeye akaenda saiba, akachapisha, akatia kwenye bahasha, akampa kondakta wa basi. Majibu ya mama yalirudi kwa njia hiyo hiyo, dada akiyachapa kwa vidole viwili. Kutoka Pune hadi Mombasa ilikuwa sekunde. Kutoka Mombasa hadi Voi, kilomita 150 hivi, ilikuwa siku mbili kondakta akikumbuka.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998 tuliona kwenye runinga ya hosteli jengo la ubalozi wa Marekani Nairobi likifuka moshi. Zaidi ya watu 200 walikufa siku ile. Kaka yangu alifanya kazi mtaa wa pili kutoka pale. Nilipiga simu nyumbani, laini hazikushika. Jumamosi nilikwenda saiba asubuhi na jioni, hakuna kitu. Jumapili hakuna kitu. Nilituma ujumbe sita. Hakuna uliorudishwa, na kwa kanuni za SMTP nilizokuwa nazisoma darasani hiyo ilimaanisha kwamba seva imepokea, maana seva ikishindwa kufikisha inapaswa kumwarifu mtumaji. Nilijua hilo vizuri kabisa, na halikunisaidia hata kidogo. Seva ilikuwa imepokea. Kaka yangu je?

Jumatatu mchana dada aliandika: "Sote wazima. Kaka hakwenda kazini siku ile. Barua inafuata."

Sikujua wakati huo kwamba maneno mawili ya mwisho yalikuwa na historia katika familia yetu. Nimeyaona tena juzi tu, kwa herufi kubwa, kwenye telegramu ya 1964.

Tiki za buluu

Leo mpwa wangu, mtoto wa dada huyo huyo, yuko Poland akisomea uhandisi. Tunaandikiana kwa WhatsApp, ambayo tangu Novemba 2014 inaonyesha tiki mbili za buluu ujumbe ukisomwa. Ndoto ya Babu imetimia: kila ujumbe una jibu la kupokea, bila kaboni, bila kusubiri wiki tatu. Hata posta yenyewe imebadilika. Tangu 2016 kuna MPost, inayoifanya nambari ya simu yako kuwa anwani, ili usitegemee tena sanduku la shule.

Hata hivyo, mwezi uliopita mpwa alikaa siku kumi akisoma ujumbe wa mama yake bila kujibu. Tiki zilikuwa za buluu kila siku. Dada alinipigia usiku akilia. "Anaona," aliniambia, "kwa nini hasemi?" Ikaja kujulikana kwamba kijana alikuwa amefeli mtihani na hakujua pa kuanzia.

Hapo nilielewa kitu ambacho miaka yangu yote ya seva haikunifundisha. Tiki ya buluu ni jibu la simu, si la mtu. Inasema karatasi imefunguliwa. Ile barua ya kale iliyoanza na nambari, ikaendelea na "hali yangu ni njema", ilikuwa na majibu mawili: nimepokea yako, na mimi nipo. Mashine zimelichukua la kwanza tukadhani zimechukua yote.

Nilimpigia picha Na. 15 na nakala ya Na. 14, nikamtumia mpwa na maelezo mafupi. Sikumhubiria. Baada ya saa moja alijibu: "Mjomba, nimepata zote mbili. Nampigia Mama sasa hivi."

Basi wasomaji wangu, nina ombi. Kama kwenu kuna bati, sanduku au bahasha kubwa yenye barua za mtu aliyesoma ng'ambo, iwe Moscow, Delhi, London au Makerere, zitoe uzipige picha kabla mchwa hawajakutangulia. Andika tarehe ya muhuri wa posta, si tarehe ya barua tu, maana tofauti ya hizo mbili ndiyo historia yenyewe. Angalia kama kuna aliyeandika nambari. Ukimpata, nijulishe hapa chini kwenye maoni.

Na safari hii nitajibu. Tuonane wiki ijayo, tutarudi kwenye seva.